Doa la mawese na kanuni za kemia

Msikilizaji, katika miji ya Louisville, Columbus na Buffalo nchini Marekani, wakimbizi wengi kutoka mashariki mwa Kongo wamepata makazi mapya, na mawese yamehamia pamoja nao. Mafuta hayo mekundu yanapomwagikia kitenge cha harusi, mwenye nguo hukimbilia maji. Hapo ndipo kosa la kwanza hutendeka.

Molekuli za maji hushikana zenyewe kwa zenyewe na kuyatenga mafuta, nayo yakabaki yameng'ang'ania nyuzi. Sabuni ndiyo msuluhishi: molekuli yake ina mkia unaopenda mafuta na kichwa kinachopenda maji. Basi doa na linyonywe kwanza kwa karatasi na unga wa mahindi, kisha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ipakwe kitambaa kingali kikavu, iachwe kwa robo saa. Ndipo maji yafuate.

Maji hayo yawe ya vuguvugu, kwani mawese huganda yakiwa chini ya nyuzijoto 35 hivi, na maji ya Ziwa Erie yafikayo Buffalo wakati wa theluji hukaribia barafu. Louisville nako, maji ya Mto Ohio yana chokaa, ambayo huungana na sabuni ya mche na kuacha utando mweupe. Tide, sabuni ya unga iliyoweza kuhimili maji ya namna hiyo, ilianza kuuzwa mwaka 1946 na Procter & Gamble ya Cincinnati, mji ulio jimbo moja na Columbus.

Mafuta yakiisha kutoka, mara nyingi husalia rangi ya machungwa. Hiyo ni karotini, ambayo mwanga wa jua huivunja. Kuanika juani, kama ifanywavyo Uvira na Kigoma, ni kemia kamili.

Hatari kubwa imo katika mashine ya kukaushia. Joto lake hulikaza doa. Isitoshe, mafuta ya mimea yaliyobaki nguoni huungana na oksijeni na kuzalisha joto, hata nguo zilizorundikwa zingali moto zaweza kujiwasha zenyewe. Nguo iliyoguswa na petroli isiingizwe humo kamwe, maana mvuke wake hulipuka. Wala dawa ya klorini isichanganywe na amonia, kwa kuwa hutoa gesi ya sumu.

Doa likionekana bado baada ya kufua, nguo ipakwe sabuni upya kabla ya kukaushwa.