Barafu ya Kibo Ikirudi



Nimepewa dakika chache kabla ya chakula, nami sitazizidisha. Mnakumbuka somo la Jiografia lililohusu zama za barafu. Siku ile mmoja wetu aliuliza: barafu hiyo ikirudi ghafla, sisi wa Moshi tutaponaje? Darasa zima likajibu, "Tutavaa sweta mbili!" Tulicheka mpaka Mwalimu akafunga kitabu. Tangu hapo nimesoma kidogo, Chuo Kikuu na baadaye kazini, na naona tulimdhulumu mwenzetu.

Miaka 20,000 hivi iliyopita, Ulaya ya Kaskazini ilipofunikwa na barafu, ile ya Kibo ilishuka chini sana kuliko sasa, na hata Mawenzi ilikuwa nayo. Lakini kilichowatesa watu wa nchi hizi hakikuwa baridi peke yake. Bahari ikipoa hutoa mvuke mchache, na mvua hupungua. Ziwa Victoria lenyewe lilikauka, yapata miaka 17,000 iliyopita. Sweta haizuii kiu.

Hebu tupige hesabu ya darasani. Kila ukipanda meta 1,000, joto hupungua nyuzi 6 hivi. Nchi ikipoa nyuzi 5, Marangu, iliyo kwenye meta 1,400 hivi, itakuwa na baridi ya msituni, ambako mgomba hauzai. Kihamba itabidi kishuke meta 800, yaani mpaka huku mjini na kupita, kwenye joto la kufaa lakini mvua haba. Nani atatuletea maji?

Wazee wetu walikwisha kulijibu swali hilo. Mifongo waliyochimba kwa mikono huchukua maji kwenye mito ya msituni na kuyateremsha vihambani. (Wengi hudhani maji hayo ni theluji iliyoyeyuka. La, karibu yote ni mvua ya msitu.) Kazi kubwa ya mfongo si kuuchimba, bali kuusafisha kila mwaka na kugawana zamu bila kupigana.

Mimi ni mtu wa mafaili. Kwa miaka tisa nilituma pesa badala ya kwenda msaragambo, nikijiona nimetimiza wajibu. Mwaka jana nilikuta mfongo wa kwetu umejaa matope, na mama anabeba maji kwa ndoo. Pesa zilikuwapo, wa kushika jembe hakuwapo. Wenzangu wote walikuwa wametuma pesa kama mimi.

Najua mtasema barafu ya Kibo inakwisha, wala hairudi: kilometa za mraba 12 mwaka 1912, chini ya 2 mwaka 2011. Ni kweli. Ila joto nalo litatudai maji yale yale.

Kesho saa moja asubuhi nitakuwa kwenye banio la mfongo wetu. Majembe ninayo sita. Atakayekuja na lake atatusaidia zaidi. Chai itakuwapo.