Kupima Umbali Ndani ya Picha kwa Prosesa Nyingi

Ugeuzi wa umbali ni hesabu inayoipa kila pikseli namba moja: umbali wake hadi pikseli ya kitu iliyo karibu zaidi. Roboti huitumia kupanga njia mbali na vizuizi. Mwaka 1966, Azriel Rosenfeld na John Pfaltz walionyesha kuwa kuipitia picha mara mbili kunatosha kuhesabu umbali wa hatua kwa hatua. Lakini kila pikseli ilisubiri jibu la jirani yake, hivyo kazi haikugawanyika kirahisi.

Njia ya Arnold Meijster na wenzake, ya mwaka 2000, hushughulikia safu wima kwanza, kisha safu mlalo. Safu moja haiisubiri nyingine, hivyo kila prosesa hupewa zake, na jibu hubaki sahihi kabisa.

Mwaka 2006, Guodong Rong na Tiow-Seng Tan wa Singapore walieleza njia ambayo pikseli zote hupashana habari kwa pamoja, kwa miruko inayopungua kwa nusu kila raundi. Picha ya pikseli 1024 kwa 1024 huhitaji raundi 10 tu, ingawa pikseli chache huweza kukosea kidogo. Panapotakiwa usahihi kamili, njia ya safu ndiyo ya kuchagua.