Maziwa na Uzito wa Mfanyakazi wa Hoteli
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Diani)



Leo hatukuja kusema habari ya mishahara. Twataka kusema habari ya miili yetu, maana mpishi au mhudumu asimamaye zamu nzima hana mtaji ila miguu yake.

Maisha ya Diani twayajua. Masika yakiingia mwezi wa Aprili wageni hupungua, wengi wetu huambiwa tukae nyumbani, na sahani hupungua pia. Msimu ukirudi, zamu za usiku, chai tamu na mandazi huurudisha uzito ule, pengine na zaidi. Basi shida si kupunguza uzito tu. Shida kubwa ni kuuzuia usirudi.

Tusilidharau jambo hili. Uchunguzi uliofanywa Kenya nzima mwaka 2015 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100, kama 27 walikuwa na uzito uliopita kiasi, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Mafuta yakizidi tumboni, insulini hushindwa kuiondoa sukari katika damu sawasawa, na hapo kisukari hupata mlango.

Sasa maziwa yaingia wapi? Bilauri moja ya maziwa ya ng'ombe ina protini kiasi cha gramu 8. Protini huituliza njaa kwa muda mrefu, na hulinda misuli mtu anapopungua. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa nchi nane za Ulaya: watu waliokwisha kupungua, wakala protini zaidi kidogo pamoja na vyakula visivyopandisha sukari upesi, ndio waliofaulu zaidi kutorudia uzito wao kwa majuma 26. Protini hiyo haikutoka katika maziwa peke yake.

Lakini tusidanganyane. Maziwa si dawa ya unene. Ukinywa bilauri juu ya mandazi yale yale, utanenepa. Yafaa yashike mahali pa mandazi. Tena vikombe vitatu vya chai, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, ni gramu 36 hivi. Shirika la Afya Duniani lasema kushuka chini ya kama gramu 25 kwa siku kwaleta faida zaidi kwa afya.

Ambaye tumbo lake hunguruma kwa maziwa mabichi, ajaribu mtindi usiotiwa sukari. Vijidudu vya mtindi vimekwisha kula sehemu ya sukari ya maziwa, na wengi huuvumilia vizuri.

Twajua pia kwamba ng'ombe wa Kwale hupata taabu kwa mbung'o wa Shimba Hills, na maziwa ya dukani yana bei. Asiyeyamudu asikate tamaa: kunde, pojo na samaki vina protini nyingi. Naye mwenye kisukari au maradhi ya figo amwulize daktari kwanza kabla ya kubadili chakula.

Basi twaomba jambo hili liingie katika mazungumzo yetu na waajiri juu ya chakula cha wafanyakazi: mtindi usio na sukari, kunde au pojo kwa zamu ya usiku, na chai isiyotiwa sukari jikoni, kila mtu ajitilie mwenyewe. Si anasa. Kazi yatumia mwili, na mwili wataka kutunzwa.