Usharika Usio na Jengo Lake: Ujirani wa Kilutheri Cedar-Riverside, Minneapolis



Sharika nyingi tunazotoka zimo katika ujenzi, ndiyo maana nimechagua kuzungumzia usharika uliobomolewa kanisa lake ukabaki palepale.

Trinity Lutheran Congregation ulianzishwa Minneapolis, Marekani, mwaka 1868, na wahamiaji kutoka Norwei. Mtaa wake, Cedar-Riverside, ulikuwa wa wageni, watu waliotafuta vyumba vya bei nafuu na kazi yoyote itakayopatikana. Miaka ya 1960 barabara kuu ya I-94 ilipitishwa hapo, na kanisa likavunjwa. Washarika wangeweza kutafuta kiwanja kwingine wajenge. Waliamua kubaki na majirani zao, wakaendelea kuabudu katika Chuo cha Augsburg, chuo cha Kilutheri kilicho mtaani humo.

Wageni wa mtaa ule sasa ni wengine. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wasomali walianza kufika Minnesota, na wengi wakapata makazi katika maghorofa ya Riverside Plaza, yenye nyumba 1,303. Sasa usharika wa Kilutheri ufanye nini mahali ambapo jirani yake mkubwa ni Mwislamu?

Trinity na Augsburg walianzisha mpango wa kuwasaidia watoto kazi za shule za nyumbani. Mtoto akitoka darasani anakaa na mwanafunzi wa chuo au mtu wa kujitolea, wanapitia hesabu na kusoma pamoja. Nawaomba tusilipite jambo hili haraka, maana linaonekana dogo. Mzazi aliyekimbia vita, anayefanya kazi zamu ya usiku na Kiingereza bado kinampiga chenga, hawezi kumwelekeza mwanawe somo la sayansi. Hitaji la namna hiyo halionekani kutoka mimbarini. Hulijua yule anayeishi karibu, anayesalimia, anayeuliza na kusubiri ajibiwe.

Wapo watakaouliza: kama mtoto hahubiriwi, kanisa limefanya nini? Nawajibu kwa Luther mwenyewe. Katika kitabu chake cha mwaka 1520 kuhusu uhuru wa Mkristo, alifundisha kwamba matendo mema hayamnunulii mtu wokovu. Anayeyahitaji ni jirani. Tukimpa mtoto hesabu kwa sharti la kusikiliza mahubiri, tumefanya biashara. Naamini hivyo kwa moyo wote, na nalisema hasa kwa sharika za Tanga, Kigoma na Dar es Salaam, ambako adhana na kengele husikika uchochoro mmoja.

Kumkaribisha jirani wa kila namna huitwa ushirikishi, na neno hilo huko Marekani lina mengi. Mwaka 2009 kanisa lao, ELCA (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Marekani), liliruhusu watu walio katika mahusiano ya jinsia moja kuwa wachungaji. Kanisa letu la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) likatoa msimamo wa kupinga katika Tamko la Dodoma la 2010. Tofauti hiyo ipo na sitaifunika. Hata hivyo Sinodi ya Saint Paul ya ELCA, ng'ambo ya mto Mississippi kutoka Minneapolis, na Dayosisi ya Iringa ya KKKT wameendelea na ushirikiano wao wa miaka mingi, uitwao Bega kwa Bega.

Nirudi kwetu. Washarika hutoa ahadi, wanachanga kwa ajili ya paa, vigae, uzio na vyombo vya muziki. Sipingi. Lakini fungu la diakonia, yaani huduma kwa wahitaji, likiwa ndilo la kwanza kukatwa fedha zikipungua, jirani amekwisha kujua yeye ni wa ngapi kwetu. Na mwenye kiti cha magurudumu akikuta ngazi tatu mlangoni, hana haja ya kusoma katiba ya usharika ili ajue hilo.

Kwa kazi za vikundi mchana huu, napendekeza tusikae ukumbini. Kila kikundi kitembelee kaya kumi zinazouzunguka usharika huu tulipokutana, zikiwemo zisizo za Kikristo, na kiulize swali moja: mnahitaji nini ambacho sisi tunaweza kukifanya? Kipeperushi wala kadi ya mchango visibebwe. Majibu yaandikwe kama yalivyosemwa, kisha yapelekwe kwenye baraza la wazee kabla bajeti ya mwaka ujao haijapitishwa.