Kilalo cha miti kinaomba paa



Mimi nilisoma ujenzi. Diploma iko nyumbani ndani ya bahasha, kazi sina, hiyo hadithi munaijua. Ndiyo maana nikisafiri, macho yangu yanaenda kwenye vilalo.

Msimu wa mvua uliopita nilikuwa njia ya Masisi, ng'ambo ya Sake. Tukafika kwenye kilalo cha miti: magogo mawili yameoza, mbao zimetoboka. Kamio ya maharagi ilisimama pale tangu asubuhi. Vijana wa kijiji walikuwa wanatia mbao juu ya matundu, na kila pikipiki iliyopita ililipa. Shofere akaniambia: « Hii miti njo inatuua. Batuwekee ya chuma. » Nikamjibu: hapana papa, kosa si la miti.

Marekani, mashambani, kuna daraja la mbao linaloitwa Cornish-Windsor. Lilijengwa mwaka 1866 juu ya mto Connecticut, urefu wake karibu mita 137, na magari yanapita humo hata leo. Kabla yake, madaraja matatu yalibebwa na maji pale pale. Hili lina kuta na paa kama nyumba. Mvua inapiga paa, haipigi magogo yanayobeba uzito. Paa likioza, wanabadilisha paa, mifupa ya daraja inabaki mikavu. Mti unaolowa, ukauke, ulowe tena, huo ndio unaooza.

Na watu walilipa kupita pale mpaka 1943. Walilipa, lakini daraja waliliona.

Sisi pia tunalipa. FONER iliundwa mwaka 2008 ili kutafuta franga za kutunza barabara. Zinatoka kwenye mafuta na kwenye peyaje. Maana yake, ukipanda pikipiki hapa Birere umeshachangia, hata kama hujawahi kufika Masisi. Kile kilalo ni chako. Unakula maharagi yake, birayi yake, fromaje yake.

Na musiniambie mti ni umaskini. Chukudu ni mti, inabeba magunia, tena tumeisimamishia sanamu hapa mjini. Inadumu kwa sababu mwenyewe anaiangalia kila asubuhi, anakaza misumari kabla haijavunjika. Kilalo kiko na wenyewe wengi, kwa hiyo hakuna anayekiangalia.

Tunaomba mambo matatu, na ni madogo. Kila peyaje iandike ukutani kila mwezi: franga ngapi ziliingia, kilalo gani kilitengenezwa. Kila kilalo cha miti kipate mtu wa kijiji anayelipwa kukikagua. Na pale magogo mapya yanapowekwa, yajengewe paa la mabati, refu la kupitisha kamio. Wale vijana wa mbao na matundu wanaweza kuijenga hiyo kazi. Mimi pia, bahasha yangu iko tayari.

Nasi wa mjini tusikae kulalamika kwenye simu tu. Ukivuka kilalo kibovu, piga picha, andika mahali na tarehe, tuikusanye, tuwapelekee wakubwa kwa pamoja. Ukilipa peyaje, omba risiti yako. Wakikunyima, uliza kwa nini, kwa heshima, lakini uliza.

Kilalo kikivunjika Masisi, chungu cha Goma kinalala kitupu.