Kompyuta Ikichelewa Kuwaka Baada ya Kubadilishwa Diski

(Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za parokia, Babati)



Jambo tunalolizungumzia leo linaonekana dogo, lakini linagusa fedha za miradi na kumbukumbu za watu wetu. Ofisi nyingi za parokia zina kompyuta moja tu. Humo mna orodha za familia, hesabu za mradi wa maji, marejesho ya vikundi vya kuweka na kukopa, pamoja na taarifa tunazowapelekea wafadhili kila robo mwaka. Kompyuta ikizeeka, fundi hushauri ibadilishwe diski, yaani kifaa cha ndani kinachohifadhi kila kitu. Kwa kawaida ushauri huo ni mzuri. Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 au 7,200 kwa dakika. Diski ya kisasa ya SSD haina kinachozunguka, na husoma kwa kasi mara kadhaa zaidi.

Hata hivyo, baadhi ya kompyuta huchelewa kuwaka baada ya matengenezo hayo kuliko hapo awali. Karani anabonyeza kitufe, anakwenda kuchemsha chai, anarudi na kukuta kioo bado cheusi. Hapo kamati huanza kusema kuwa kompyuta imekufa, tuombe nyingine. Tunawasihi msifikie uamuzi huo upesi. Mara nyingi tatizo ni la mpangilio au waya, na halihitaji kununua chochote.

Jambo la kwanza ni kuokoa kumbukumbu. Kompyuta ikiwaka, hata kama imechelewa, nakilini mafaili yote muhimu kwenye diski ya nje kabla ya kugusa kitu kingine. Kuchelewa kunaweza kuwa dalili kwamba diski inakufa. Mkisikia sauti ya kugongagonga ndani, msiendelee kuizima na kuiwasha mkijaribu bahati, na msiruhusu programu ya kukarabati diski iendeshwe kabla ya kunakili. Kazi hiyo huilazimisha diski kusoma kila sehemu, na diski dhaifu inaweza kufia hapo hapo.

Jambo la pili ni kutazama inachelewea wapi. Chukueni saa ya simu, mpime tangu kubonyeza kitufe hadi nembo ya Windows itokee, halafu kutoka nembo hadi kompyuta iwe tayari kwa kazi. Andikeni dakika hizo. Fundi akizipata, nusu ya kazi imekwisha.

Ikichelewa kabla ya nembo, kompyuta inatafuta diski ya kuanzia. Chomoeni kwanza flashi na diski za nje, kisha iwasheni tena. Hali isipobadilika, fundi aingie kwenye mpangilio wa awali, yaani BIOS, kwa kubonyeza F2 au Delete kutegemeana na aina ya kompyuta, aiweke diski mpya iwe ya kwanza kwenye orodha ya kuanzia. Orodha hiyo inaweza kuwa bado inaitaja diski ya zamani. Aidha, betri ndogo ya bodi kuu ikiisha nguvu, mpangilio hupotea kila umeme unapokatika. Dalili yake ni tarehe na saa kurudi nyuma, na tiba yake ni betri mpya. Aangalie pia waya wa data, kwani waya uliolegea huifanya kompyuta iite diski mara nyingi bila kujibiwa.

Tunaonya kuhusu jambo moja: namna ya mawasiliano ya diski, inayoandikwa AHCI au IDE katika BIOS, isibadilishwe kwa kubahatisha. Windows inaweza kukataa kuwaka kabisa.

Ikichelewa baada ya nembo, tazameni kama diski ya zamani imeachwa ndani ili kutunza mafaili. Diski hiyo ikiwa na sehemu mbovu, Windows inaweza kuisubiri kila inapowaka, ingawa haianzii hapo. Kompyuta ikiwa imezimwa na kuchomolewa kwenye umeme, fundi aitoe diski hiyo, kisha mpime tena muda. Ikiwaka haraka, chanzo kimejulikana. Sababu nyingine ni umeme kukatika kazi ikiendelea, jambo ambalo Babati tunalifahamu vizuri. Windows inaweza kuanza kukagua diski inapowashwa tena. Ukaguzi huo ukijirudia kila siku, diski ipimwe afya.

Ikichelewa baada ya kioo kuonyesha kila kitu, kwa kawaida ni programu nyingi zinazojiwasha zenyewe. Zisizohitajika zizuiwe. Fahamuni pia kuwa siku za mwanzo baada ya diski mpya, uzito kidogo ni wa kawaida wakati Windows inapanga mambo yake.

Kwa upande wa wafadhili, hapa ndipo penye hesabu. Kifaa kisichopatikana mjini kwetu hufuatwa Arusha, karibu kilomita 170, na safari hiyo ni gharama. Kupima kwa saa kabla ya kuagiza kunaokoa nauli, siku na kifaa kisichohitajika. Hata hivyo, si kila kompyuta inastahili kutengenezwa. Huduma ya kawaida ya Microsoft kwa Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta isiyoweza kupokea toleo jipya ijadiliwe kwa uwazi kabla ya kuiwekea fedha zaidi.

Mwisho, diski ya zamani isiachwe kwa fundi wala kutupwa. Kufuta mafaili kwa njia ya kawaida hakuyaondoi kabisa, na humo mna majina na madeni ya watu waliotuamini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatudai tuzitunze taarifa hizo. Diski ifungiwe kabatini hadi mafaili yathibitishwe kuwa salama kwenye diski mpya, kisha isafishwe kwa programu maalumu au ivunjwe mbele ya wajumbe wawili.

Tunapendekeza kila kamati iweke katika muhtasari wa kikao kijacho mambo matatu: nani ananakili mafaili kila Ijumaa, nakala inatunzwa jengo gani, na nani anaandika tarehe na kazi iliyofanywa kila fundi anapofungua kompyuta. Daftari la kawaida linatosha.