Kamera ndogo ya mfukoni na kazi inayomwachia mwenyewe

Mwaka 2010 viwanda vya kamera, ambavyo vingi ni vya Japani, vilisambaza duniani kamera za dijitali zaidi ya milioni 120. Sehemu kubwa kabisa ya hizo ilikuwa kamera ndogo za bei nafuu, zile zinazoingia mfukoni na ambazo lenzi yake haibanduki. Kufikia mwaka 2023 kamera ndogo za aina hiyo zilizosambazwa kwa mwaka mzima hazikufika milioni 2. Simu ya mkononi ilikuwa imezimeza.

Lakini hazikutoweka. Katika nyumba za Waswahili walioko Muscat, London au Minneapolis, si ajabu kuikuta moja ndani ya droo, imelala pamoja na chaja ya simu isiyotumika tena na funguo zisizojulikana ni za mlango gani. Na katika miaka ya karibuni vijana wa Ulaya na Marekani, wengine wakiwa wachanga wakati kamera hizo zilipotoka kiwandani, wamekuwa wakizisaka kwa wauza mitumba. Wanazo sababu zao, na baadhi yake ni za maana. Lenzi ya kamera ndogo huvuta kitu cha mbali kwa vioo vyenyewe kusogea, si kwa kuikuza picha mpaka ivurugike. Taa yake ina nguvu kuliko taa ya simu, na humnasa mtoto anayekimbia bila kumfanya ukungu. Zaidi ya hayo, kamera haipigiwi simu. Anaweza kukabidhiwa mtoto wa miaka minane au bibi wa miaka themanini, na hakuna atakayeogopa siri zake kusomwa.

Hata hivyo, msikilizaji, anayemiliki kamera hii amejitwika pia kazi ambayo zamani ilikuwa ya mtu mwingine. Mtu huyo ni mpiga picha wa studio. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na baada yake mwanawe akaiendeleza. Katika studio za namna hiyo mteja alikuja amevaa nguo zake nzuri, akaketishwa, akaelekezwa ainue kidevu, kisha akalipa na kwenda zake. Mambo mengine yote hayakumhusu: taa iwekwe wapi, picha isafishwe vipi, ipi itolewe na ipi itupwe, na negativu itunzwe ndani ya bahasha gani ili hata baada ya miaka kumi nakala nyingine iweze kupatikana. Mkanda mmoja ulikuwa na picha 36, na kila picha iliyoharibika ilikuwa hasara ya mwenye duka.

Dijitali iliondoa hasara hiyo. Mhandisi wa Kodak, Steven Sasson, alipounda kamera ya dijitali mwaka 1975, chombo chake kilikuwa na uzito wa karibu kilo 4 na kilihitaji sekunde 23 kuiandika picha moja kwenye kaseti. Hakuna aliyekitazama na kuhofia kwamba studio zitafungwa. Kodak yenyewe, iliyokuwa ikiishi kwa kuuza mikanda, iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake Januari 2012.

Kazi ya kwanza aliyoachiwa mwenye kamera ni ile ya kuuona uso, na hapo ndipo kamera ya bei nafuu husingiziwa mengi. Kamera za awali za aina hii hazijui kuwa mbele yake yupo mtu. Kipimo chake cha mwanga hudhani kwamba vitu vyote vilivyo mbele ya lenzi, vikichanganywa pamoja, vitatoa rangi ya kijivu cha wastani. Bibi akisimama ufukweni saa sita mchana, nyuma yake bahari na mbingu vinang'aa. Kamera huona weupe umezidi, ikapunguza mwanga, na uso wa bibi ukawa kivuli chenye meno. Bi harusi mwenye gauni jeupe hupatwa na masaibu hayo hayo. Kinyume chake pia ni kweli: akina mama kumi waliovaa mabuibui, wakipangwa mbele ya ukuta wenye kivuli, huifanya kamera ione giza ikaongeza mwanga kupita kiasi, na nyuso zikababuka kama zilizopakwa unga.

Ukweli kwamba nyuso nyeusi ndizo zilizoumia zaidi haukuanza na dijitali. Kwa miongo mingi maabara za picha zilirekebisha rangi za mikanda kwa kutumia picha ya mfano ya mwanamke mzungu, na mafundi waliiita picha hiyo kwa jina la Shirley, hata pale mwanamke aliyepigwa alipokuwa mwingine. Ngozi isiyofanana na ya Shirley ilijitafutia yenyewe. Ni miaka ya 1990 ndipo kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilipoanza kutolewa.

Dawa imo ndani ya kamera yenyewe, na inashangaza ni wangapi huimiliki kwa miaka bila kuigusa. Karibu kila kamera ndogo ina sehemu yenye alama ya kujumlisha na kutoa. Mbele ya bahari au gauni jeupe, mpigaji huongeza hatua moja upande wa kujumlisha. Mbele ya mabuibui, huenda upande wa kutoa. Njia nyingine ni kuiwasha taa ya kamera mchana kweupe. Jambo hilo huchekwa na wapita njia, ingawa wapiga picha wa harusi hulifanya kila siku. Usiku hali hubadilika. Taa ile ndogo haifiki mbali, mara nyingi ni mita tatu au nne tu, na anayeketi nyuma ya ukumbi akimulika jukwaa la maharusi huambulia visogo vya watu wa safu ya mbele.

Kuhusu megapikseli, ambazo wauzaji walizitangaza kana kwamba ni kilo za sukari, maneno machache yanatosha. Picha ya karatasi ya sentimita 10 kwa 15 inahitaji megapikseli 2 na ushei. Canon PowerShot A520 ya mwaka 2005, yenye megapikseli 4 na lenzi inayovuta mara 4, haina deni kwa albamu ya familia. Nayo hutumia betri mbili za saizi ya AA, zinazopatikana hata kwenye duka la kijijini. Zile za bei rahisi, za kutilia redioni, huisha baada ya picha chache, zinazochajiwa hudumu.

Kazi ya mwisho, yaani kutunza, ndiyo iliyotelekezwa zaidi. Anayetafuta picha za familia za miaka ya kati ya 2003 na 2012 hivi mara nyingi hukutana na pengo. Za kabla ya hapo ziko kwenye karatasi, na za baadaye ziko kwenye simu na akaunti za intaneti. Za katikati zilipigwa kwa maelfu, kisha zikabaki katika kompyuta iliyokufa, katika CD ambayo haisomeki tena, au katika kadi ya aina ya xD ambayo siku hizi haitengenezwi. Mama aliyebaki Tanga akimsubiri mwanawe wa Leicester alisikia kwenye simu kwamba mjukuu amepigwa picha nyingi sana. Picha yenyewe hakuwahi kuishika.

Kwa hiyo droo ile inastahili kufunguliwa kabla kamera haijauzwa au kutupwa. Kadi itolewe, na picha zihamishiwe mahali pawili tofauti, kwa sababu mahali pamoja pakiharibika ndio mwisho wake. Kama picha zilifutwa kwa bahati mbaya, kadi isitumike tena mpaka fundi aijaribu, maana mara nyingi kilichofutwa hubaki mpaka kitakapoandikiwa juu yake. Anayenunua kadi mpya kwa kamera ya zamani naye ajihadhari: kamera nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2006 hazisomi kadi ya SD inayozidi gigabaiti 2.

Tarehe nazo zisiaminiwe upesi. Betri ikitolewa kwa muda mrefu, saa ya kamera hurudi ilikoanzia, na mwenyewe akiipuuza, arusi ya mwaka 2009 huandikwa kuwa ilifanyika tarehe mosi Januari 2004. Wapo watoto ambao, kwa ushahidi wa kamera, walisherehekea siku ya kuzaliwa kabla hawajazaliwa. Hapo hakuna mashine itakayosaidia. Wanaohitajika ni shangazi, mjomba, jirani wa zamani, wale ambao bado wanakumbuka ni nyumba ya nani na nani alikuwa amebeba sinia.

Si lazima picha zote zisafishwe. Katika mia tano, ishirini zinaweza kutosha, na gharama yake dukani haizidi sana ya mlo mmoja wa hotelini. Zikishatoka, kalamu ya risasi laini haiumizi karatasi: nyuma ya kila moja huandikwa mwaka, mahali, na majina ya waliomo, kuanzia kushoto.